Kuchagua kiti cha daraja la biashara: anza na ndege, namba ya kiti baadaye

Anayekata tiketi ya daraja la biashara kwa mara ya kwanza huulizwa swali lilelile la siku zote: dirishani au kando ya njia? Kule nyuma, kwenye daraja la kawaida, swali hilo linatosha, maana viti vyote ni vya namna moja. Huku mbele halitoshi. Watu wawili waliolipa nauli sawa na kukaa mstari mmoja, mmoja anaweza kulala usiku kucha bila kuguswa, na mwenzake akawa anarukwa miguu kila jirani anapokwenda msalani. Hiyo si bahati. Inaonekana kwenye ramani ya viti tangu siku ya kukata tiketi, kwa anayejua kuisoma.

Mtiririko wa kazi ni huu: ndege, kisha aina ya kiti, kisha herufi, na namba ya mstari mwisho kabisa. Wengi huanza na mstari ("nipe wa mbele kabisa") na hapo ndipo wanapojikwaa.

Ndege gani, na toleo gani

Kwenye uthibitisho wa tiketi, karibu na namba ya safari, huwa kuna alama fupi ya tarakimu na herufi inayotaja ndege. 77W ni Boeing 777-300ER. 788 na 789 ni Boeing 787-8 na 787-9, zile Dreamliner. 359 na 351 ni Airbus A350-900 na A350-1000. 388 ni A380, 332 na 333 ni A330 za kizazi cha kwanza, na 338 ni A330-800 kama zile za Uganda Airlines. Ukiona 738 au 7M8, hiyo ni Boeing 737, ndege ndogo yenye njia moja katikati. Mara nyingi daraja la biashara ndani yake ni kiti kipana kinachoegemea nyuma, si kitanda. Kwa safari ya saa mbili hakuna neno. Kwa saa saba za usiku, tazama kama shirika hilo lina safari nyingine siku hiyohiyo kwa ndege kubwa.

Jina la shirika peke yake halikuambii mengi. A350-900 za Ethiopian zina viti 30 vya biashara vilivyopangwa viwili-viwili-viwili (2-2-2), lakini A350-1000 walizoanza kupokea mwishoni mwa 2024 zina viti 46 kwa mpangilio wa 1-2-1, kila abiria ana njia yake. Emirates ndiyo yenye tofauti kubwa zaidi: 777-300ER ambazo hazijakarabatiwa zina mpangilio wa 2-3-2, yaani kuna mtu anakaa katikati ya watu wawili katika daraja la biashara, ilhali zilizokarabatiwa na A380 zote ni 1-2-1. Abiria wa kutoka Dar kwenda London kupitia Dubai anaweza kuonja hayo mawili siku moja. Basi chagua kiti kwa kila kipande cha safari peke yake, na nguvu zako zitumie kwenye kipande kirefu au kile cha usiku.

Aina ya ndege inahusu hata hewa utakayovuta. Katika 787 na A350 shinikizo la ndani huwekwa sawa na mwinuko wa futi 6,000 hivi, kama mita 1,800, ambao ni karibu sawa na kukaa Nairobi. Ndege za kizazi cha nyuma, 777 ikiwamo, hufika hadi futi 8,000, kama mita 2,400, na hapo uko Addis Ababa. Mwenye shida ya kichwa kuuma au miguu kuvimba safarini ataiona tofauti. Ukipata safari mbili za saa na nauli zinazokaribiana, chukua ya 787 au A350.

Soma herufi

Huhitaji kuhesabu viti kwenye picha. Angalia herufi za mstari mmoja. Zikiwa nne, kwa mfano A, D, G na K, huo ni mpangilio wa 1-2-1. Zikiwa sita, ni 2-2-2. Zikiwa saba, A-B, D-E-F, J-K, ni ule wa 2-3-2. Herufi I haitumiki kwa kuwa inafanana na moja, na nyingine hurukwa ili A ibaki dirisha la kushoto na K dirisha la kulia hata viti vikipungua. Mashirika machache humalizia na L.

Dalili ya pili ina faida zaidi: tazama kama herufi zinabadilika kutoka mstari hadi mstari. Mstari mmoja una A na unaofuata una B upande uleule? Hapo viti vinapishana, na uchaguzi wako unaanza kuwa na uzito.

Viti vya 2-2-2

Huu ndio mpangilio wa Dreamliner za Kenya Airways, viti 30 kwa jumla, na wa A330 nyingi. Viti hulala bapa, lakini wa dirishani hana njia yake. Akitaka kutoka usiku lazima avuke miguu ya jirani aliyelala, na urefu wa kitanda kilichonyooshwa hauachi nafasi ya kupita. Kwa hiyo kiti cha dirishani hapa si zawadi kama watu wanavyodhani. Kiti cha kando ya njia kilicho ubavuni mwake nacho kina kasoro yake: wewe ndiye utakayevukwa.

Anayesafiri peke yake na anataka kulala achague jozi ya katikati. Kila mmoja wa wale wawili ana njia upande wake, hakuna anayemvuka mwenzake. Utakosa dirisha, utapata usingizi. Ubaya uliobaki ni kulala bega kwa bega na mtu usiyemjua, basi hakikisha kizuizi kati yenu kinapanda. Katika viti vingine ni kibati kifupi kisichofika hata usawa wa masikio.

Wenzi wawili wachukue jozi ya dirishani, na hapo mambo ni mazuri kabisa. Dirisha kwa msafiri wa peke yake linafaa zaidi katika mstari wa kwanza, ambako mbele kuna ukuta badala ya kiti. Mara nyingi hubaki upenyo wa kupita bila kumgusa jirani.

Kwenye 2-3-2 sheria ni moja: usikubali E. Ikiwa E ndiyo iliyobaki, endelea kufungua ramani kila siku hadi safari. Watu huhama.

Viti vya mshazari

Katika 1-2-1 ya mshazari viti vimelazwa kama mifupa ya samaki. Mtindo wa sasa unaelekeza kichwa upande wa njia na uso upande wa dirisha, na wale wawili wa katikati wanaelekeana kidogo. Mtindo wa zamani ulikuwa kinyume: mgongo dirishani, miguu njiani, na ukitaka kuona nje ugeuze shingo. Boeing 787-9 za KLM na 787-8 za Qatar Airways zina ule wa sasa.

Uzuri wa mshazari ni usawa, kwani hakuna kiti kibaya sana wala kizuri kupita kiasi. A na K zote zinatazama nje. Basi hapa usipoteze muda kwenye herufi. Chagua dirisha ukiwa peke yako, katikati mkiwa wawili, kisha shughulika na mstari. Mtu mrefu, wa sentimita 185 na zaidi, mara nyingi anapata nafuu hapa kuliko kwenye viti vya kupishana, kwa sababu pa kuweka miguu hapabani sana.

Viti vya kupishana

Hapa ndipo penye mtego. Ili watu wengi waenee, kitanda chako huingiza miguu kwenye uvungu ulio chini ya meza ya aliye mbele yako. Kila kiti kina meza pembeni, na meza hiyo iko ama upande wa njia ama upande wa dirisha, ikibadilika mstari kwa mstari. Meza ikiwa upande wa njia, wewe uko dirishani hasa, umekingwa. Mhudumu na toroli lake wanapita mbali nawe. Meza ikiwa upande wa dirisha, umekaa njiani, dirisha liko mbali na mkono, na kila anayepita usiku anakupiga kikumbo cha bega. Ramani inaviita vyote viwili "dirishani" na nauli ni ileile.

Kwenye A380 ya Emirates, ghorofa ya juu, herufi ndizo zinazokuambia: A na K ni vile vya dirishani hasa, B na J ni vya upande wa njia. Katikati kuna E na F vilivyobanana, vinavyofaa wenzi, na mstari unaofuata una D na G vilivyotenganishwa na meza mbili. Mtu wa peke yake akipangiwa E, na kwenye F pembeni yake yupo mgeni, atajikuta anakula chakula cha jioni karibu sahani moja na asiyemjua. Baa ya ndege hiyo iko nyuma ya kabini, kwa hiyo mistari ya mwisho ya biashara hupata kelele za wanaopiga soga. Kwa anayependa soga, sawa.

Qsuite ya Qatar Airways, iliyoanza 2017, ni ya kupishana pia lakini ina mlango, na nusu ya viti vinatazama nyuma. A, E, F na K ndivyo vinavyotazama mkia. B, D, G na J vinatazama mbele. A na K viko karibu zaidi na dirisha. Watu wengi huogopa kutazama nyuma, na kwa kweli ndege ikiwa angani hutahisi tofauti. Utaihisi wakati wa kuruka, kwa kuwa unaning'inia kwenye mkanda badala ya kubanwa kwenye mgongo wa kiti. Anayechafukwa na tumbo kwa urahisi achague B au J. E na F ndivyo vinavyounganishwa kuwa kitanda cha wawili, na familia ya watu wanne inaweza kuchukua E na F pamoja na D na G vya mstari wa nyuma yake, ikashusha vizuizi wakaelekeana. Si kila ndege ya shirika hilo ina Qsuite, kwa hiyo ukifungua ramani na kukuta A tupu mstari hadi mstari bila B, hiyo siyo.

Sasa ule uvungu. Upana wake ndio unaoamua usingizi, kuliko urefu wa kitanda unaotangazwa. Vitanda vingi vina kati ya sentimita 190 na 203, lakini sehemu ya mwisho ni tundu ambamo mguu wa mtu mkubwa haugeuki. Anayelala ubavu atajua. Dawa ni mstari wa kwanza nyuma ya ukuta. Kwa kuwa hakuna kiti mbele, hakuna meza ya kuubana uvungu, na miundo mingi huuacha mpana zaidi. Viti hivyo ndivyo vya kwanza kwisha kwa wanaojua.

Mstari: mbele, nyuma, katikati

Mstari wa kwanza una gharama zake. Ukutani ndipo zinapofungwa susu za watoto wachanga, na mtoto akilia saa nane za usiku hakuna wa kumlaumu. Begi la mkononi halikai miguuni wakati wa kuruka na kutua. Lazima liende kabati la juu. Tena baadhi ya mashirika yameondoa makabati ya juu ya katikati ili kabini ionekane pana, kwa hiyo aliyekaa D au G anaweka mizigo juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Tafuta kwenye ramani alama ya kikombe, ambayo ni jiko, na alama ya choo. Acha mistari miwili katikati yako na jiko ukiweza. Kinachoamsha watu si mazungumzo ya wahudumu pekee. Ni makomeo ya chuma ya makabati, breki za matoroli, taa inayopenya pembeni ya pazia, na kengele za abiria wengine zinazolia pale jikoni. Choo kina mlio wa kuvuta na mlango unaobamiza, na foleni yake husimama ubavuni mwako kabla ya kutua. Karibu na milango mikubwa ya ndege pia huwa na baridi, vaa soksi.

Kuhusu mtikisiko, ndege huyumba kidogo zaidi ncha zote mbili na hutulia karibu na mabawa. Kwa kuwa kabini ya biashara iko mbele, mistari yake ya nyuma hutulia kuliko ya puani. Kelele ni kinyume: injini ziko chini ya mabawa, na kadiri unavyokaa mbele zaidi ndivyo kunavyokuwa kimya. Mwenye hofu ya mtikisiko arudi nyuma, mwenye usingizi mwepesi asogee mbele.

Ndege nyingine zina kabini ndogo ya biashara iliyotengwa na ile kubwa, mistari miwili au mitatu tu. Ikiwapo, na kama haijabanwa na jiko pande zote mbili, ichukue. Watu wachache, nyendo chache, na chakula hufika mapema. Dreamliner ya Air Tanzania ina viti 22 tu vya biashara, na katika kabini ya ukubwa huo vizuri huchukuliwa ndani ya siku chache, hivyo usingoje.

Upande wa jua, na mahitaji ya pekee

Safari za usiku kutoka kwetu kwenda Ulaya zinaelekea kaskazini, kwa hiyo jua huchomoza upande wa kulia, kwenye K. Anayetaka kulala hadi dakika ya mwisho akae kushoto. Ndege za alasiri kwenda Dubai au Doha hupigwa na jua upande wa kushoto. Dirisha la 787 halina kifuniko cha kushusha. Lina kitufe cha kulitia giza, na wahudumu wanaweza kulifunga giza kabini nzima hata kama ulitaka kuona nje. Kutoka Dar kwenda Nairobi, Kilimanjaro huwa kushoto. Kurudi, kulia.

Mwenye mtoto mchanga apige simu shirika aombe susu mapema, kwani kuchagua kiti cha ukutani peke yake hakumpi. Uzito wa mtoto una kikomo, mara nyingi kilo 10 au 11. Kingine kinachowakwaza wazazi: baadhi ya viti hivi vina mikanda minene yenye mfuko wa hewa ndani, na mtoto wa kupakatwa haruhusiwi kukaa hapo. Wakigundua langoni, mtahamishwa.

Mkisafiri na mama au bibi mwenye magoti yanayosumbua, yale ya jiko na choo yapindue: mweke karibu na choo, kando ya njia, kiti kisicho na mlango. Anayekwenda umra na anayekusudia kuvaa ihramu ndani ya ndege kabla ya mikati, yaani mpaka wa kuingilia ihramu, naye akae njiani karibu na choo, maana foleni ya kubadili nguo huanza mapema na vyoo ni vichache.

Kukipata na kukilinda

Chagua kiti dakika ileile tiketi inapotolewa. Nauli za chini kabisa za daraja la biashara katika baadhi ya mashirika hazina uchaguzi wa bure hadi chekini ifunguliwe, kati ya saa 48 na 24 kabla ya safari. Soma masharti kabla ya kulipa, kwani tofauti ya nauli wakati mwingine ni ndogo kuliko bei ya kiti.

Tatizo la kawaida hapa kwetu ni tiketi ya wakala yenye namba ya safari ya shirika moja huku ndege ikirushwa na lingine. Unaingiza namba ya marejeo yenye herufi sita, programu inakataa. Hujakosea. Shirika linalorusha ndege lina namba yake tofauti. Mwambie wakala: "Nipe namba ya marejeo ya shirika linaloruka." Anayo kwenye mfumo wake.

Kiti kilichotiwa alama ya X si lazima kiwe na mtu. Vya ukutani hufungiwa kwa ajili ya watoto wachanga na vingine kwa wanachama wa daraja la juu, kisha hufunguliwa siku mbili au moja kabla. Fungua ramani tena wakati huo.

Adui mkubwa ni kubadilishwa ndege. 777 ikitolewa ikaingizwa A330, mfumo hugawa viti upya bila kukuuliza, na 2A yako ya peke yako inakuwa 2A ya kurukwa. Linganisha alama ya ndege na ramani wiki moja kabla, halafu siku tatu, halafu wakati wa kuchekini. Ukikuta idadi ya herufi imebadilika, chagua upya papo hapo. Hifadhi picha ya kiti ulichokilipia ili udai pesa zako.

Ukishakaa, usianze na juisi. Laza kiti hadi kiwe bapa, kirudishe, washa skrini, chomeka chaja, vuta meza. Kitanda kinachokwama nusu njia ni hitilafu ya kawaida, hasa kwenye ndege zenye umri, na wakati mwingine kinachokwamisha ni blanketi au kisanduku cha simu kilichotumbukia kwenye reli. Simu ikidondoka humo usisogeze kiti hata kidogo; mwite mhudumu, kwa sababu betri iliyobanwa huwaka. Kama kiti ni kibovu kweli, sema kabla mlango wa ndege haujafungwa, wakati msimamizi wa kabini bado ana orodha ya viti vitupu mkononi.